Makame wa Kubuni

Juzi nilipita karibu na mama mmoja anayeuza tumbaku ya majani sokoni Tunduma, nikasimama bila sababu. Sivuti, sinusi ugoro, na sikuwa na cha kununua pale. Ilikuwa ile harufu tu, tamu na kali kwa pamoja, kama asali iliyomwagika kwenye vumbi. Yule mama akaniuliza kama namchukulia mzee wangu. Nikamwambia hapana, nanusa kitabu. Akanitazama kwa huruma, kama wanavyotutazama sisi wa umri huu wakidhani tumeanza kusema ovyo.

Lakini ninyi wenzangu mliosoma enzi za Mwingereza mtanielewa. Vitabu vilikuwa vichache na mchwa walikuwa wengi. Mwalimu wetu, Mwalimu Simoni, alivitunza vitabu vyake katika sanduku la mbao alilolitandika majani makavu ya tumbaku, kwa sababu alisema wadudu hawaipendi. Kila kitabu alichotuazima kilitoka na harufu hiyo, na kwa miaka mingi niliamini kwamba ndiyo harufu ya maneno yenyewe.

Nilikuwa naishi Chapwa, nje kidogo ya Tunduma, kwa bibi yangu mzaa mama. Tulikuwa watatu katika nyumba ile: Bibi, mimi, na Mama Mdogo Roida, mdogo wake mama yangu. Mama Mdogo alikuwa ameolewa, lakini mume wake, Baba Mdogo Yeremia, alikuwa amevuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba huko Rodesia, Zambia ya leo, kama walivyofanya wanaume wengi wa Kinamwanga. Mwaka wa kwanza zilikuja barua mbili. Mwaka wa pili ikaja salamu kwa mdomo wa mtu. Halafu kimya. Nilipokuwa nimeanza kusoma bila kufuata mstari kwa kidole, kimya hicho kilikuwa kimetimiza mavuno matano. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, na wakwe zake walikuwa wamemruhusu akangojee kwa mama yake.

Wengine walisema Yeremia amefukiwa chini ya ardhi. Wengine walisema ameoa Mbemba, mwanamke wa huko. Mama Mdogo hakubishana na yeyote. Ila alipotokea mtu kwenye njia inayotoka mpakani, mikono yake ilisimama juu ya kazi aliyokuwa akiifanya mpaka mtu yule apite.

Mwaka ninaousimulia, Mjomba Lazaro, kaka yake, alikuja na ujumbe. Kulikuwa na mgane mmoja wa Mlowo, mtu wa kanisa, mwenye kahawa yake, aliyekuwa akimtaka Mama Mdogo. "Si mtu wa haraka," Mjomba akasema. "Lakini si wa kungoja milele. Anataka jibu ulezi ukishavunwa." Bibi akamwambia amesikia. Mama Mdogo akamletea maji ya kunawa.

Ni katika majuma hayo Mwalimu Simoni aliponipa kile kitabu. Nilikuwa nimemaliza vitabu vyote vya darasa letu, vile vyenye picha za ng'ombe na ndoo. Akakitoa cha kwake, kisicho na jalada, hata jina lake sikulijua kamwe. "Hiki kina watu wazima ndani yake," akasema. "Ukikwama, uliza."

Kilikuwa riwaya, ingawa neno hilo sikulijua. Nilikuwa nimeona maandishi ya aina mbili tu maishani: Maandiko Matakatifu, na yale matangazo ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, yaliyobandikwa penye baraza ya jumbe. Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili yalikuwa na nguvu. Kwa hiyo niliposoma kwamba palikuwa na seremala mmoja huko pwani aliyeitwa Makame, na mkewe aliitwa Zaituni, niliipokea kama habari. Baada ya siku chache nikamwuliza Mwalimu, "Huyu Makame yuko wapi sasa?"

Mwalimu akacheka kwa upole. "Makame ni mtu wa kubuni, Elina."

Nikashukuru, nikarudi nyumbani nimeridhika. Mimi nilikuwa mtu wa Chapwa, yule mgane alikuwa mtu wa Mlowo, na Makame alikuwa mtu wa Kubuni. Nikadhani ni mji karibu na Kilwa.

Nilisomea uani, mchana, baada ya shule, wakati Bibi na Mama Mdogo wakipukuchua mahindi. Mama Mdogo alikielewa Kiswahili vizuri, ila kusoma hakujua. Bibi alielewa cha salamu na cha sokoni tu, kwa hiyo kila nilipofika kwenye nukta nilisimama nikamgeuzia kwa Kinamwanga. Tulikwenda polepole sana. Nadhani huo upole ndio uliotufaa.

Leo wajukuu zangu wanarudi kutoka sekondari na maswali yao: fafanua tabia za wahusika, jadili dhamira, toa mifano kutoka riwaya mbili ulizosoma. Wanaandika kurasa nyingi, na wanaandika vizuri. Huwa nazisoma kimoyomoyo na kumkumbuka Bibi, ambaye herufi moja hakuijua, akiwa ameketi kwenye mkeka na gunzi mkononi.

Bibi hakukubali mtu aseme jambo halafu tupite. Makame akisema, "Zaituni, usiwe na wasiwasi," Bibi aliuliza, "Akisema hivyo mikono yake inafanya nini?" Nikimwambia kitabu hakikutaja mikono, alinirudisha nikaangalie tena. Mara nyingine kweli nilikuta: alikuwa akifuta vumbi kwenye randa isiyo na vumbi. "Haya," Bibi alisema. "Yeye mwenyewe ndiye mwenye wasiwasi." Na nikirudi nisikute kitu, alisema, "Basi kinaficha. Tutaona mbele."

Kuna sura moja ambayo tulikaa nayo siku mbili. Tajiri wa mji aliagiza mlango, na Makame kwa bahati mbaya akakata ubao mmoja ukapungua upana wa kidole. Hakumwambia mtu. Aliondoka alfajiri, akapotelea vijijini kwa siku tatu, mpaka Zaituni alipokwenda mwenyewe kwa tajiri akamweleza. Yule tajiri akacheka, akasema ubao uongezwe kipande, basi.

"Mwongo huyu," akasema Mama Mdogo.

"Si mwongo," akasema Bibi. "Mwongo angebaki pale akasema mbao zilikuja fupi. Huyu anaogopa macho ya watu. Kosa lake lilikuwa kidole kimoja, aibu yake ikawa mwendo wa siku tatu."

Nilishusha kitabu. Nilikuwa nimeyasoma maneno yote ya sura ile, tena kwa sauti, na hilo sikuliona. Nikakigeuza kitabu nyuma na mbele nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba aibu ya Makame ni kubwa kuliko kosa lake. Hapakuwa na mahali kama hapo. Ilikuwepo, lakini haikuwa imeandikwa, na Bibi ndiye aliyeiona.

Hadithi ikaendelea. Makame aliaga kwenda bara kujenga, akaahidi mbele ya wageni wote kwamba atarudi kumjengea Zaituni nyumba ya madirisha manane. Huko bara jengo aliloachiwa alisimamie likapasuka ukuta, naye akahama mji, kisha mwingine, akibadilisha jina kila alipofika. Zaituni akangoja. Mama Mdogo sasa alikuwa hapitwi na neno. Siku moja, huku akikung'uta mahindi kwenye ungo, alisema kama anayetania, "Mimi nimeshaamua. Makame akirudi, na mimi namngoja wa kwangu. Asiporudi, Kaka akapeleke jibu Mlowo."

Bibi alimtazama bila kucheka. Mimi nilikifunga kitabu. Sikujua kwamba watu wazima hutania kwa mambo wanayoyamaanisha, lakini nilijua kwamba maandishi yana nguvu, na kwamba kitu cha kumpata Mama Mdogo kilikuwa tayari kimeandikwa, kinangoja nikifikie kwa sauti yangu.

Kesho yake nikakichukua kitabu peke yangu, nikakaa kwenye kivuli cha kihenge cha ulezi, nikasoma mbele. Sikulazimika kwenda mbali. Makame alirudi. Alishuka mjini kwao asubuhi, akapita mitaa ileile, akafika nyumbani, akasimama mbele ya mlango aliouchonga yeye mwenyewe. Ndani alimsikia Zaituni akizungumza na jirani, akicheka. Akainua mkono ili agonge. Akalitazama shati lake. Akaushusha mkono, akageuka, akaondoka alikotoka. Zaituni hakujua.

Nilisoma mara tatu nikitumaini nimekosea neno. Halafu nikafanya nililofanya. Nilifikiri kwamba ukurasa usiposomwa kwa sauti, hauwezi kumfikia mtu.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya miti, nikafungua kitabu mbele yao na kuanza. Nilisoma vizuri mpaka Makame alipofika mlangoni. Hapo nikayaacha macho yangu juu ya karatasi na kusema ya kwangu: Makame akapiga hodi kwa sauti kubwa, Zaituni akafungua, wakakumbatiana, majirani wakaja, ikapikwa pilau. Nikamgeuzia Bibi, nikamwongezea na mbuzi.

Mama Mdogo alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Macho yake yalijaa maji, na niliona kwamba nimefanya jambo jema.

Bibi hakuinua uso. "Alipiga hodi?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa sauti kubwa."

"Ndiyo."

"Makame?"

Nikainamia ukurasa. Bibi akaliweka gunzi chini, akapangusa mikono.

"Mtu aliyeshindwa kumwambia tajiri ubao umepungua kidole," akasema taratibu, "leo anarudi bila dirisha hata moja, baada ya kuwaahidi watu manane, na anapiga hodi kwa sauti majirani wasikie? Huyo si Makame. Huyo ni mtu mwingine umemwingiza wewe. Makame amefika mlangoni, hilo nakubali, maana anampenda mkewe. Lakini hakugonga. Amesimama, kisha amerudi. Sasa nisomee kilichoandikwa."

Wenzangu, nimeishi miaka mingi na nimeona mambo. Nimeona taa ya umeme ikiwaka mara ya kwanza katika nyumba yangu. Hakuna lililonitetemesha kama lile. Nikajua kwa hakika kwamba Bibi ana njia ya kuingia ndani ya karatasi mtu akiwa amelala. Nikaanza kulia, nikamwuliza nani kamwonyesha kitabu.

"Kitabu sijakiona," akasema. "Nimemwona mtu. Umetusomea habari zake mwezi mzima, na wewe mwenyewe hukumwona?"

Nikasoma ukurasa wa kweli. Nilikosea mstari wa kwanza, nikaanza upya. Nikasoma mkono ulioinuliwa, shati, kicheko cha Zaituni kutoka ndani. Nikamgeuzia Bibi kila neno, bila kupunguza wala kuongeza. Nilipomaliza sikuthubutu kumtazama Mama Mdogo. Nilingoja aseme, basi, Kaka akapeleke jibu.

Alikung'uta makapi mapajani mwake. Kisha akauliza, "Elina, ule mlango ulikuwa wazi au umefungwa?"

Nikaangalia. "Umefungwa, Mama Mdogo."

"Na miaka yote hiyo, Zaituni aliwahi kumtumia mtu yeyote?"

Hilo nililijua bila kuangalia. "Hapana. Alikuwa akingoja."

"Basi wamekosa wote wawili," akasema.

Bibi akamgeukia. Sikuwahi kumwona Bibi akimsikiliza mtu vile. "Zaituni kosa lake nini?"

"Amekaa ndani akidhani kungoja ni kazi inayotosha. Watu wote wanamsifu kwa subira, na yeye anazipokea sifa. Hakuna siku aliyompelekea mumewe neno kwamba hata bila madirisha arudi tu. Atajuaje?" Akaliweka hindi chini. Alipoendelea, hakuwa tena akisema habari za Kubuni. "Yeremia aliaga mbele ya kanisa zima. Alisema atarudi na cherehani. Nakumbuka nilivyofurahi. Niliwaambia majirani waanze kutafuta vitambaa. Kila barua niliyoandikiwa na Mwalimu, nilimwuliza habari za cherehani. Mama, barua zote mbili."

"Nakumbuka," akasema Bibi.

"Nilidhani ni kumtia moyo."

Bibi hakumbembeleza. Alisogea tu kwenye mkeka, akakaa karibu naye, mabega yao yakigusana, na wote wawili wakaendelea kupukuchua. Nami nikakaa pale na kitabu magotini nikiwatazama kama mtu aliyeingia kanisani kwa bahati mbaya, katikati ya sala.

Mjomba Lazaro alikuja ulezi ulipokwisha kuingizwa kihengeni. Mama Mdogo alimpa kiti, akapiga magoti, akasema, "Kaka, yule mzee wa Mlowo anisamehe. Ni mtu mwema. Mimi nina safari."

"Safari ya wapi?"

"Ya kumtafuta mume wangu."

Mjomba alimtazama Bibi, Bibi akatazama pembeni. "Mwanamke anavuka mpaka kumtafuta mwanamume asiyejulikana kama yu hai?" akauliza Mjomba. Alikuwa amekwisha kusikia habari za usomaji wetu. "Kitabu cha watu wa pwani ndicho kimekufundisha hayo?"

"Kitabu hakikufundisha kitu," akasema Bibi. "Tulimsema mtu mmoja humo ndani, tukamsema na mkewe, mpaka tukajikuta tunajisema wenyewe. Mwache aende, Lazaro. Akikuta kaburi, atarudi akijua ni kaburi."

Mjomba alikasirika, lakini hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemsindikiza kwa miguu mpaka kwa ndugu zetu wa upande wa pili, Nakonde, na kumtafutia nafasi katika lori lililokuwa likirudi migodini. Mama Mdogo alibeba kitenge kimoja, mfuko wa unga na Agano Jipya asiloweza kulisoma. Aliponiaga alinishika kidevu. "Umalizie kumsomea Bibi," akasema. "Na usitusaidie tena."

Tukakimaliza. Makame alizeekea bara kwa jina lisilo lake. Zaituni alikufa akisifiwa na mji mzima, mlango ukiwa umefungwa. Nilitaka Bibi akasirike, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekasirika. Yeye akasema tu, "Aliyeandika hiki anawajua watu," akaniamuru nikirudishe kwa Mwalimu na nimshukuru. Mwalimu Simoni ndiye aliyenieleza siku hiyo maana ya kubuni. Alisema hapakuwahi kuwa na Makame wala Zaituni, kwamba mtu mmoja aliketi na kalamu akawaumba. Nilikataa kumwamini. Nilipomwamini, nililia njiani, kisha nikaacha kulia, kwa sababu jambo lilikuwa limezidi kuwa kubwa: mtu anaweza kuumba kutoka pasipo na kitu seremala mwenye aibu, na bibi yangu kule Chapwa akamtambua.

Mvua zilinyesha, tukapanda, tukapalilia. Hapakuwa na habari yoyote. Mjomba aliacha kuuliza, na niliona Bibi anapunguza chakula chake. Ndipo siku moja dereva mmoja alimwachia Mjomba barua Tunduma, naye akaja nayo mbio, jasho likimtoka. Hakujua kusoma. Wakaniketisha kwenye kigoda katikati yao.

Mama Mdogo alikuwa ameandikiwa na karani wa huko. Alisema amempata. Alisema Yeremia yu hai, ila vidole vitatu vya mkono wa kuume vilisagwa na mashine katika mwaka wake wa pili, wakamtoa mgodini, na tangu hapo anafagia jikoni kwenye kambi ya wafanyakazi. Alisema hakuoa. Alisema Yeremia alipomwona kwa mbali aliuficha ule mkono nyuma, naye Mama Mdogo akaenda akauvuta kutoka huko nyuma akaushika mbele ya watu wote. Watabaki huko kwa sasa, wana chumba, tusiwe na wasiwasi.

Mjomba aliinamisha kichwa akakaa hivyo. Nami nikaendelea, maana palibaki mistari miwili chini ya ukurasa. Mama Mdogo alisema Yeremia amemwambia jambo alilokuwa hajamwambia mtu. Kwamba katika miaka ile alipanda lori la kurudi nyumbani mara mbili, na mara zote mbili alifika mpaka Nakonde, akalala pale, akautazama upande wetu, na asubuhi akarudi alikotoka.

Nakonde na Chapwa, ninyi mnajua, ni mwendo wa mtu kwenda kuomba moto kwa jirani. Nikaishusha barua. Nikamtazama Bibi, nikitaka kuona kama na yeye amepigwa na mshangao ulionipiga mimi na Mjomba, ambaye sasa alikuwa amesimama bila kujua kwa nini amesimama.

Bibi alikuwa akitikisa kichwa polepole.

"Mara mbili tu?" akauliza. "Soma tena hapo. Mimi nilidhani ni tatu."